Asili Isiguswe

Msiba unapoingia katika boma la Wasamia, iwe upande wa Uganda au wa Kenya, kazi hugawanywa haraka. Kuna wanaofuata mbao za jeneza, kuna wanaosimamisha turubai, kuna wanaokaa na simu wakiwaarifu walio Kampala, Nairobi na ughaibuni. Kisha kuna mmoja, aghalabu kijana, anayepewa kazi ambayo wote huiona nyepesi: kutafuta picha ya marehemu. Itahitajika ndani ya fremu juu ya jeneza, kwenye jalada la ratiba ya mazishi, na kwenye bango la kufunga langoni. Kijana huyo hupanda bodaboda Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria, akapita Lumino hadi Busia mjini, kwenye vibanda vya studio vinavyopiga picha za pasipoti na kuchapisha kadi za harusi. Huko ndiko mara nyingi inapobainika kwamba mtu aliyeishi miaka sabini na kulea wajukuu tele ameacha picha moja tu inayofaa, nayo iko ndani ya WhatsApp.

Picha yenyewe huwa ya harusi ya mtu mwingine. Watu sita wamesimama mbele ya gari lenye maua, jua la saa saba liko utosini, na marehemu ni wa tatu kutoka kushoto, nusu ya uso wake imemezwa na kivuli cha kofia. Ombi la familia ni lile lile: mtoe hapo katikati, mvalishe suti, mweke kwenye mandhari ya bluu. Mwenye studio anaivuta picha kwenye skrini, uso unatanuka, na mahali pa ngozi na macho panajitokeza vijiraba. "Shangazi, hii imeshatumwa mara nyingi," anamwambia mama aliyekuja na kijana. "Ile ya kwanza anayo nani?" Aliyeipiga amebadilisha simu tangu mwaka juzi, na ile ya zamani ilipouzwa ilifutwa yote.

Mafunzo ya kuhariri picha kwa wanaoanza huwa yanaanzia kwingine kabisa: kitufe cha mwangaza, vichujio vya rangi, mbinu ya kumfuta mtu aliyepita nyuma. Ni mambo mazuri na kila mtu atayajua siku mbili tatu akiwa na simu mkononi. Lakini somo la kwanza ni swali lile la kibandani. Faili lililotoka kwenye kamera, jinsi lilivyotoka, halipaswi kuguswa na yeyote, hata na aliyelipiga mwenyewe. Kukata, kung'arisha, kuvalisha suti na kubadili mandhari, yote hayo yafanyike kando yake.

Kompyuta hazikulileta wazo hilo. Louis Daguerre wa Ufaransa alipoutangazia ulimwengu njia yake ya kupiga picha mwaka 1839, kila picha ilikuwa bamba moja la shaba lililopakwa fedha, lisilo na pacha. Likikwaruzwa, basi. Mwingereza William Henry Fox Talbot, aliyekuwa akijaribu karatasi zenye chumvi ya fedha tangu katikati ya miaka ya 1830, alishika njia nyingine: kwanza ipatikane picha ya kinyume, nyeupe mahali pa nyeusi, halafu kutokana na hiyo zitolewe nakala kadiri mtu atakavyo. Mbinu hiyo aliisajili mwaka 1841. Kwa zaidi ya karne moja na nusu iliyofuata, wapiga picha wa dunia nzima waliishi na mgawanyo huo, nakala ikienda kwa mteja na negativu, yaani ile picha ya kinyume, ikibaki kabatini.

Afrika Mashariki iliujua vizuri. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930, na wenzake wa Mombasa, Kampala na Nairobi walipofanya vivyo hivyo baadaye, mteja alirudi baada ya siku kadhaa kuchukua picha iliyosafishwa, na negativu iliyoizaa ikabaki studio. Hata ufundi wa kubadilisha una historia yake. Omar Said Bakor wa Lamu alijipatia jina kwa picha za kuunga, vipande vya picha mbalimbali vikikutanishwa kuwa picha moja. Kwa hiyo kijana wa Busia anayemvalisha marehemu suti hafanyi jambo geni katika ufundi huu. Na si kweli kwamba mafundi wa zamani hawakuigusa negativu. Wapo waliopitisha penseli yenye ncha kali juu yake kuondoa makunyanzi na makovu. Ila walijua wanachokigusa, na mkono ulitulia.

Thamani ya kabati lile inaonekana vizuri Kampala. Mwaka 2015, kwenye majengo ya Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, ilipatikana hazina ya negativu zipatazo 70,000, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali tangu miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980, nyingi zikiwa ndani ya bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Sehemu kubwa yake ni ya enzi ya Idi Amin, na nyingi hazikuwahi kuchapishwa. Mwaka 2018 UBC, pamoja na Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Australia Magharibi, walianza kuziingiza kwenye kompyuta, na Mei 2019 baadhi zilionyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda. Watayarishaji wa maonyesho hayo walilazimika kukabiliana na ukweli mgumu kwamba kamera ya serikali ilielekezwa kwenye mikutano na sherehe, mateso ya watu yakabaki nje ya fremu. Hata hivyo, kwa kuwa kilichobaki ni negativu, mtafiti wa leo anaona upana wote wa fremu: walinzi waliosimama pembeni, umati wa nyuma, uso wa mtu asiyepiga makofi. Mhariri wa gazeti la enzi ile angevikata vyote hivyo akabakiza mheshimiwa peke yake, na lau angekuwa anakata kile kilichokuwa cha pekee, leo kusingekuwa na cha kutazama.

Simu iliubomoa mgawanyo huo kimyakimya. Negativu na nakala zikawa faili moja, na kidole kikapewa uwezo wa kukata vyote viwili kwa mguso mmoja.

Ili mtu aelewe kinachopotea, ni lazima aitazame JPEG kwa karibu, maana picha nyingi zinazopigwa na simu huku kwetu bado zinahifadhiwa kwa muundo huo. Ilikamilishwa mwaka 1992 na kamati ya wataalamu ambayo herufi hizo nne ni kifupi cha jina lake, ikitumia hesabu iliyochapishwa Januari 1974 na Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao. Kamera yenye pikseli milioni 24 ingehitaji megabaiti 72 kuhifadhi picha moja bila kuibana, kwa sababu kila pikseli ina baiti tatu: moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. JPEG inaileta chini hadi megabaiti kama 8 au 10. Inaikata picha vijiraba vya pikseli 8 kwa 8, inapima jinsi mwanga unavyopanda na kushuka ndani ya kila kijiraba, inahifadhi vizuri mabadiliko makubwa ya polepole, na yale madogo ya harakaharaka inayakadiria au kuyaacha kabisa. Rangi huibana zaidi ya mwanga, kwa kuwa jicho la binadamu hupambanua mwanga vizuri kuliko linavyopambanua rangi. Ni kazi ya akili sana. Bila hiyo, bando dogo lisingetuma picha kumi.

Lakini kilichoachwa kimeachwa. Anayefungua JPEG, akaongeza mwangaza, akahifadhi juu ya faili lile lile, amekadiria juu ya makadirio. Akirudi kesho kuikata, anakadiria tena. Mara ya kwanza jicho halioni tofauti. Baada ya mizunguko kadhaa, hasa pale programu inapohifadhi kwa ubora wa chini bila kuuliza, kingo za nywele zinaanza kuota ukungu, anga linaota ngazi, na mashavu yanageuka viraka. Hapa panahitaji usahihi, kwa sababu hofu isiyo na msingi imeenea: kulifungua faili na kulitazama hakulipunguzi kitu, wala kulibadilisha jina, wala kulinakili kutoka kwenye simu kwenda kwenye flashi. Kinachopunguza ni kulihifadhi upya baada ya kulibadilisha, au kulipitisha mahali panapolibana upya bila kukuarifu.

Njia ya kuhariri bila kuharibu inaanzia hapo. Photoshop, programu iliyotoka mwaka 1990, ilipata matabaka mwaka 1994, na miaka miwili baadaye ikapata matabaka ya marekebisho: mwangaza na rangi vinabadilishwa kwenye tabaka lililo juu ya picha, na tabaka likiondolewa, picha ya chini iko palepale. Hatua kubwa zaidi ilifuata na Aperture ya Apple mwaka 2005, Lightroom ya Adobe mwaka 2007, na darktable, programu huria isiyolipiwa, mwaka 2009. Hizi hazibadilishi pikseli hata moja ya faili la asili. Zinaandika maagizo. Ni kama daftari la fundi cherehani: kiuno kipunguzwe inchi moja, mkono urefushwe nusu, na kitambaa chenyewe bado hakijapigwa mkasi.

Maagizo hayo yanaweza kuonwa kwa macho. Anayehariri picha kwa darktable akifungua folda yake atakuta, pembeni mwa picha yenye uzito wa megabaiti 30, faili jingine dogo lenye jina lile lile na kiishio cha .xmp, lenye kilobaiti chache tu. Ni maandishi matupu. Ndani yake mmeorodheshwa kila hatua kwa mpangilio wake: mwangaza, joto la rangi, mipaka ya kukata, kunyoosha upeo wa ziwa ulioinama. Hatua nyingine hubebwa kama mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu ambao programu peke yake inausoma. Maagizo hayo yakifutwa, picha inarudi ilivyokuwa siku ya kwanza. Yakiandikwa mara tatu kwa majina tofauti, picha moja ina sura tatu: moja ya rangi, moja nyeusi na nyeupe, moja iliyokatwa kwa ajili ya bango, na asili bado ni ile moja. Sura ya kupeleka kwa mteja hutolewa mwishoni kama faili jipya, na hilo mteja aliharibu, alipoteze, alitume atakavyo.

Mwenye simu tu hajaachwa nyuma. Snapseed, iliyotengenezwa na Nik Software mwaka 2011 na kununuliwa na Google mwaka uliofuata, ni ya bure na inakumbuka hatua za uhariri kiasi kwamba mtu anaweza kurudi kwenye hatua ya tatu akairekebisha bila kugusa ya nne wakati kazi bado iko mezani. Albamu nyingi za simu nazo huruhusu kurejesha picha ya mwanzo. Shida ni kwamba vitufe viwili vinakaa jirani, kimoja kikihifadhi juu ya picha na kingine kikitoa nakala mpya, na mwenye haraka anagusa kilicho karibu na dole gumba. Anayeanza na ajizoeze kitufe cha nakala hadi mkono uende wenyewe.

Majanji yenyewe inafundisha somo la pili vizuri kuliko darasa lolote. Asubuhi boti zinaporudi, mukene, wale wale ambao ng'ambo ya mpaka, huko Sio Port ya Kenya, wanaitwa omena, humwagwa kwenye nyavu kuukuu na kutandazwa mchangani wakauke. Samaki hao wadogo ni fedha tupu. Jua likipanda kidogo wanaakisi mwanga kama vioo, ziwa nyuma yao linameta, na mama anayewageuza kwa ufagio ana uso mweusi chini ya ukingo wa leso. Hakuna jambo gumu kwa kamera kuliko hilo. Inapima mwanga wote uliopo, inatafuta wastani, na wastani huo unapendelea ziwa. Picha ikitoka, samaki ni wazuri, maji ni mazuri, na mama ni kivuli.

Hapo tofauti ya miundo inakuwa na uzito wa kweli. JPEG ya kawaida hutoa ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, kuanzia giza hadi mwanga kamili. Faili ghafi, ambalo wapiga picha wengi huliita RO kwa matamshi ya Kiingereza, huhifadhi kile ambacho kihisi cha kamera kilikiona kabla ya uamuzi wowote kufanywa, na kamera nyingi za kisasa huandika kwa biti 14, yaani ngazi 16,384. Uso wa yule mama, uliokuwa gizani, ndani ya JPEG umepewa ngazi chache. Ukijaribu kuuinua, unainuka ukiwa na viraka na chembechembe za rangi zisizokuwepo. Ndani ya faili ghafi kuna ngazi nyingi za kutosha, na uso unajitokeza na rangi yake, pamoja na jasho lililo juu ya mdomo. Faili ghafi halifanyi miujiza, hata hivyo. Mng'ao wa maji uliokwisha kuungua kuwa mweupe kabisa hauna kitu cha kurudishwa, kwa biti 8 wala 14. Kwa hiyo anayepiga Majanji saa tatu asubuhi kwa faili ghafi hupima mwanga kwa kuwalinda samaki wasiungue, akijua kwamba uso wa mama ataufuata baadaye.

Kuna jambo kuhusu uso huo ambalo halivumiliki. Kwa miongo mingi, filamu za rangi na mashine za kuzisafisha zilipimwa kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na watu weusi wakatoka kwenye picha kama matope. Dijitali ilirekebisha sehemu ya dhuluma hiyo. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, inayotengeneza Tecno, Infinix na itel, ilijijengea soko Afrika kwa sehemu kwa kurekebisha kamera zake zione vizuri ngozi nyeusi. Lakini simu nyingi pia zina kitufe cha urembo, na katika baadhi yake kinakuja kikiwa kimeshawashwa: kinalainisha ngozi, kinafuta alama, kinaweupisha. Marekebisho hayo yakiokwa ndani ya JPEG hayana pa kurudi. Bibi wa Lumino aliyepigwa hivyo amepoteza makunyanzi yake na chale zake kabla hata mtu hajaamua kuhariri chochote, na wajukuu watakaomtazama miaka hamsini baadaye watamwona mtu ambaye hakuwepo. Kitufe hicho kizimwe. Anayetaka ngozi laini aifanye baadaye, kwenye nakala.

Android iliruhusu simu kuhifadhi faili ghafi tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, kwa muundo wa DNG ambao Adobe waliutoa mwaka 2004 na kuuweka wazi kwa yeyote kuutumia. Si kila simu ya bei nafuu inao, na katika zinazoutoa mara nyingi umefichwa kwenye sehemu ya kamera ya kitaalamu. Uwazi huo wa DNG una maana kwa anayefikiria mbali, kwa sababu kampuni nyingi za kamera zina faili ghafi zao zenye siri zake, na hakuna aliyeahidi kwamba kompyuta ya mwaka 2060 itazisoma.

Miundo mingine inahitaji maneno machache zaidi. PNG, iliyopitishwa rasmi Oktoba 1996 baada ya mvutano wa hataza juu ya hesabu iliyotumika ndani ya GIF, inabana bila kupoteza hata pikseli moja, na inaweza kubeba sehemu zisizo na rangi yoyote, zinazopitisha kilicho nyuma. Hiyo ndiyo ya nembo, maandishi, picha za skrini, na ile suti iliyokatwa ikisubiri kuwekwa juu ya mabega ya mtu. Picha ya ziwa ikiwekwa kwenye PNG inakuwa nzito bila faida inayoonekana. TIFF, kongwe la mwaka 1986 kutoka kampuni ya Aldus, ndilo kimbilio la wahifadhi nyaraka na wachapishaji wa vitabu; picha ile ya pikseli milioni 24 kwa biti 16 ina megabaiti 144, na mwenye flashi ya gigabaiti 8 hapo atafikiri mara mbili. HEIC ni ile inayowatesa watu wa Busia ndugu zao wanapokuja na iPhone: tangu mwaka 2017 simu hizo huhifadhi kwa muundo huo, ambao hubeba ubora unaokaribia ule wa JPEG kwa karibu nusu ya uzito, na kompyuta ya zamani ya studio inakataa kuufungua. Tiba iko kwenye mipangilio ya kamera ya simu yenyewe, mahali pa kuchagua muundo unaokubalika kote, na ni vyema ichaguliwe kabla ya sherehe.

Ni WhatsApp hasa inayowaumiza watu. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa upya, mara nyingi hadi upande wake mrefu ubaki na pikseli kama 1,600. Kwenye kiganja inapendeza. Kwa picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, inayohitaji pikseli 413 kwa 531 ili ichapishwe kwa nukta 300 kwa inchi, inatosha na kubaki, mradi uso ujaze fremu. Kwa fremu ya inchi 8 kwa 10 zinahitajika pikseli 2,400 kwa 3,000, na tayari tuko mbali. Na mzee aliye wa tatu kutoka kushoto kati ya watu sita, uso wake ndani ya picha hiyo una upana wa pikseli mia moja na kitu tu. Tangu 2023 kuna kitufe cha ubora wa juu, ambacho kinasaidia lakini bado kinabana. Njia salama ni kuituma picha kama waraka, ile alama ya karatasi badala ya alama ya picha. Faili linafika kama lilivyoondoka, baiti kwa baiti. Bando litaliwa zaidi. Kwa picha ya mtu, na liliwe.

Kitu cha pili kinachopotea njiani hakionekani kwenye skrini. Ndani ya kila picha kamera huandika tarehe, saa, aina ya lenzi, na ikiruhusiwa, mahali pa dunia ilipopigwa. WhatsApp ikiibana picha huyafuta hayo. Pwani ya ziwa inajua uzito wa tarehe. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964, na mialo kuzunguka ziwa zima ikafunikwa: vibanda, maghala ya samaki, vyoo, mashamba ya ukingoni. Ng'ambo ya mpaka, watu wa Budalang'i, waliozoea mafuriko ya mto Nzoia, walibanwa na maji kutoka pande mbili. Anayetaka leo kuonyesha ufuo ulikuwa wapi kabla ya hapo, nyumba ya nani ilisimama wapi na mti gani ulikuwa mpaka, anahitaji picha ya kabla ya 2020 yenye tarehe yake ndani. Picha zile zile zilizozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zinaonyesha maji na mabati, bila kusema ni lini wala ni wapi. Faili la asili, lililosahauliwa kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya droo, linasema vyote viwili.

Hoja inayotolewa dhidi ya haya yote ni ya pesa, na ni hoja halali. Kadi ya gigabaiti 32 inabeba faili ghafi kama elfu moja za megabaiti 30. Harusi mbili za Jumamosi zinaimaliza. Mpiga picha wa Majanji anayelipwa kwa picha moja moja hawezi kununua diski mpya kila mwezi, na ushauri wa kuhifadhi kila kitu milele umeandikwa na watu wenye umeme usiokatika. Basi achague. Picha za pasipoti apige JPEG na baada ya miezi michache azifute. Harusi, mazishi, ubatizo na kuapishwa kwa viongozi wa mwalo apige ghafi na JPEG kwa pamoja, atoe JPEG siku hiyo hiyo, na faili ghafi azipitie jioni akitupa zilizotikisika na zilizofumba macho. Katika mia tatu zitabaki themanini. Hizo ndizo za kuwekwa kwenye diski mbili, moja studio na nyingine nyumbani kwa ndugu wa Tororo au popote penye paa jingine, kwa kuwa wizi, moto na maji ya ziwa havibagui kati ya diski ya bei kubwa na ya bei ndogo.

Kisha aziandike majina. Kamera inaita picha zake kwa tarakimu, na ikifika 9,999 inaanza upya, hivyo baada ya miaka mitatu kuna picha tano zenye jina moja. Wale wapiga picha wa serikali waliofanya kazi chini ya tawala zisizotabirika waliandika tarehe na tukio kwenye bahasha, na ndiyo maana kazi yao inasomeka leo. Folda yenye mwaka, mwezi, siku, mahali na tukio, kwa mfano 2025-08-16 Majanji harusi, inachukua nusu dakika kuandikwa, inajipanga yenyewe kwenye kompyuta yoyote, na mtoto wa mwenye studio anaweza kuipata baba yake akiwa Kampala.